Kuchagua taa za tyubu za kukuzia miche ndani ya nyumba

Mche uliokosa mwanga hauchelewi kujionyesha. Siku mbili tatu baada ya kuchomoza udongoni, shina linakuwa jembamba kama uzi, jeupe, refu kupita kiasi, na trei nzima imeinamia upande wa dirisha. Ukinyunyizia maji, miche inalala. Nyanya unaweza kuiokoa kwa kuihamisha na kufukia shina hadi karibu na majani, kwa sababu shina lake likifukiwa hutoa mizizi mipya. Mboga nyingi nyingine hazina bahati hiyo. Dawa yake ni kusia upya.

Wengi hufika hapo kwa kuamini macho. Adhuhuri ya jua kali, nje kuna mwanga wa karibu luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali). Sebule iliyowashwa taa usiku ina luksi mia chache tu, na bado sisi tunaona kumenoga, tunasoma bila shida. Jicho hujirekebisha lenyewe. Mche hauna uwezo huo; unajitengenezea chakula kwa mwanga unaoufikia, basi. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitasisitiza mambo mawili kuliko mengine yote: idadi ya tyubu juu ya trei, na umbali kati ya tyubu na jani. Rangi ya mwanga na maandishi ya kuvutia kwenye boksi vinakuja nyuma kabisa.

Kwa nini tyubu na si balbu? Balbu ya zamani yenye waya ndani hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto, kwa hiyo ukiisogeza karibu inaunguza majani, ukiiweka mbali mwanga hautoshi. Tena mwanga wake umejaa miale ile ya mwisho kabisa mwa nyekundu, ambayo huchochea shina kurefuka. Tyubu ya fluoresenti haina joto kali usoni, inamwaga mwanga kwa urefu wake wote, na miale hiyo ya kurefusha shina ina kidogo sana. Miche inayokua chini yake huwa mifupi na minene.

Kabla ya kununua: unazo tayari, au unaanza upya?

Swali hili lina uzito sasa kuliko zamani. Tyubu za fluoresenti zina zebaki ndani, na mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kusitisha kwa awamu utengenezaji na biashara yake ya kimataifa: zile zenye unga wa kizamani ndani (tazama Hatua ya 3) ifikapo 2026, na zenye unga wa kisasa ifikapo 2027. Umoja wa Ulaya ulitangulia, ukaziondoa T5 na T8 za kawaida (majina ya unene wa tyubu, tazama Hatua ya 2) sokoni kuanzia Agosti 2023. Kuzitumia ulizonazo hakujakatazwa.

Kwa hiyo kama una taa nzima stoo, au umepata zilizoondolewa ofisini zikiwa bado zinawaka vizuri, zitumie bila wasiwasi na uweke tyubu chache za akiba. Kama unaanza bila chochote, soma mwongozo huu wote kisha ufikirie tyubu za LED za umbo lilelile, nitazigusia mbele. Karibu kila kinachosemwa hapa kuhusu rangi, umbali na muda kinazihusu pia.

Hatua ya 1: Pima trei kwanza, taa baadaye

Usianze na taa. Anza na eneo la miche. Trei ya kawaida ya kuoteshea ina karibu sm 28 kwa 54. Ukizipanga mbili kichwa kwa mkia unapata urefu wa sm 108, na tyubu ya futi nne, yaani sm 120, inazifunika zote mbili. Tyubu ya futi mbili inafunika trei moja tu, tena kwa kubana.

Ukiweza, chukua futi nne. Tyubu yoyote hufifia kwenye ncha zake, kiasi cha upana wa kiganja kila upande, na kadiri inavyokuwa fupi ndivyo sehemu hiyo hafifu inavyokula nafasi kubwa ya trei yako. Sababu nyingine ni ya kawaida tu: za futi nne ndizo zimetapakaa kila mahali, kwa hiyo vipuri vyake havisumbui.

Kwa upana, hesabu tyubu moja kwa kila sm 12 hadi 15. Safu moja ya trei inahitaji tyubu mbili. Safu mbili zilizolala sambamba zinahitaji nne. Kuna watu hufunga tyubu moja juu ya rafu pana kisha wanashangaa miche ya pembeni kulala. Hakuna aina ya tyubu itakayorekebisha hilo.

Hatua ya 2: Unene wa tyubu

Herufi T na namba inayofuata hutaja kipenyo kwa sehemu za nane za inchi. T8 ni inchi moja kamili, kama mm 26. T12 ni inchi moja na nusu, mm 38. T5 ni nyembamba, mm 16.

T12 ni za zamani. Zinakula wati 40 na kutoa mwanga mdogo kwa kila wati, na mara nyingi taa yake ina balasti (kifaa kinachoongoza umeme wa tyubu) iliyochoka. Kama unayo na inawaka vizuri, itumie. Kuinunua sasa ni kupoteza fedha.

T8 ya futi nne hula wati 36 (Marekani ni 32) na zilizo nzuri hutoa lumeni 3,000 na ushee (lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye tyubu). Kwa mtu anayeotesha mboga za bustani yake, mimi ningesema achukue hii na asihangaike zaidi.

T5 zipo za aina mbili zenye urefu sawa, na hapa ndipo watu hukosea dukani. Kuna ya wati 28, inayobana matumizi ya umeme, na kuna ya wati 54, yenye mwanga mkali, ambayo kwenye lebo huandikwa HO. Ukiziweka mkononi hutaona tofauti. Lakini balasti zake ni tofauti na hazibadilishani. Ile ya wati 54 inafaa kwa mtu anayekaa na miche muda mrefu, kama pilipili inayoweza kumaliza wiki nane ndani, au kwa asiye na nafasi ya kurekebisha kimo cha taa kila mara.

Pini nazo zinatofautiana: za T8 na T12 zimeachana mm 13, za T5 mm 5. Tyubu ya T5 haiingii kwenye holda ya T8, na pia ni fupi kidogo, kama sm 115. Peleka tyubu yako ya zamani dukani uilinganishe.

Hatua ya 3: Soma namba tatu kwenye ncha ya tyubu

Karibu na kifuniko cha chuma kuna maandishi madogo. Tafuta namba ya tarakimu tatu kama 840, 865 au 830. Hiyo ndiyo inayokueleza habari yote.

Tarakimu ya kwanza inaonyesha ubora wa unga mweupe uliopakwa ndani. Nane ni nzuri. Sita au saba, kama 640 au 765, ni unga wa kizamani. Tofauti yake si ndogo: T8 ya wati 36 yenye 765 hutoa karibu lumeni 2,500, wakati yenye 865 inapita 3,000 kwa umeme uleule. Nje zinafanana kabisa, na mara nyingi zinauzwa kwenye rafu moja, za 765 zikiwa na bei ya chini kidogo. Hapa usibane.

Tarakimu mbili za mwisho ni rangi ya mwanga kwa mamia ya kelvini. 30 ni kelvini 3,000, mwanga wa njano wa sebuleni. 40 ni nyeupe ya ofisini. 65 ni nyeupe yenye ubluu, inayofanana na mwanga wa mchana wa mawingu. Miale ya bluu huzuia shina kurefuka, kwa hiyo kwa miche chagua 865 au 840. Kati ya hizo mbili, chukua inayopatikana. Wapo wanaochanganya moja ya 865 na moja ya 830 ili kuongeza nyekundu. Si vibaya, hasa kwa mimea itakayobaki ndani hadi kutoa maua, lakini mche wa wiki sita hauhitaji.

Kuhusu tyubu za waridi au zambarau zilizoandikwa kuwa ni maalumu kwa mimea: zinafanya kazi, lakini bei yake ni kubwa kuliko za kawaida, na kwa fedha ya moja unaweza kuongeza tyubu nyingine nyeupe kwenye rafu. Kwa mche, tyubu ya ziada ina faida kubwa kuliko rangi maalumu. Isitoshe, chini ya mwanga wa zambarau huwezi kuona jani likianza kugeuka njano, na kuona mapema ndiyo nusu ya ulezi wa miche.

Angalizo moja kuhusu lumeni: kipimo hicho kimetengenezwa kwa ajili ya jicho la binadamu, ambalo hupendelea kijani na njano. Kitumie kulinganisha tyubu za rangi moja tu. Usilinganishe lumeni za 830 na za 865 ukadhani umepata jibu la mmea.

Hatua ya 4: Kagua taa yenyewe

Tyubu haiwaki bila balasti, ambayo mafundi wengi huiita choki. Ukiona kwenye taa kuna kikopo kidogo cha mviringo kinachozungushwa kutoka, hiyo ni stata, na choki yake ni ya sumaku: nzito, inanguruma, inapata moto, na inakula wati nane hadi kumi za ziada kwa kila tyubu. Balasti ya kielektroniki ni nyepesi, huwasha papo hapo na haipepesi. Kwa taa itakayowaka saa 16 kila siku, tofauti hiyo inaonekana kwenye bili. Taa ya tyubu mbili za wati 36 yenye choki za sumaku itakula karibu wati 90. Kwa saa 16 ni uniti 1.4 hivi kwa siku. Ya kielektroniki itakuwa karibu uniti 1.15.

Soma lebo ya balasti: inataja wati na idadi ya tyubu. Fuata hiyo, usikisie.

Kisha angalia umbo la taa. Iliyo na paa jeupe linalorudisha mwanga chini ni bora kuliko isiyo na paa. Kama ina kifuniko cha plastiki cha kupunguza ukali wa mwanga, kitoe, kwa kuwa kinameza mwanga unaoulipia.

Na kwa kuwa chini yake kutakuwa na maji kila siku: waya uliochubuka, holda iliyopasuka, plagi iliyolegea, vyote virekebishwe na fundi umeme kabla hujaning'iniza kitu. Soketi iwe juu ya kimo cha trei, na waya uachwe uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kuingia kwenye plagi, ili tone la maji likiteremka na waya lidondokee chini lisiingie kwenye umeme. Zima taa unapomwagilia.

Hatua ya 5: Ning'iniza karibu kuliko unavyodhani

Hapa ndipo kazi ilipo. Mwanga wa tyubu hupungua haraka: ukiipandisha kutoka sm 10 hadi sm 20, jani linapata karibu nusu ya mwanga lililokuwa likipata. Kwa T8, weka tyubu sm 5 juu ya ncha za miche, isizidi 10. Kwa T5 ya wati 54, sm 10 hadi 15. Watu huogopa kuunguza, lakini jani likigusa T8 kwa bahati mbaya kwa usiku mmoja, mara nyingi huambulia alama ndogo tu.

Kipimo cha haraka ni mgongo wa mkono. Uweke kwenye kimo cha majani kwa nusu dakika. Ukihisi joto, pandisha taa kidogo. Usipohisi kitu, uko salama.

Ning'iniza kwa minyororo miwili yenye kulabu, upande huu na huu, ili upandishe pingili moja moja kadiri miche inavyokua. Kama taa imefungwa haisogei, inua trei kwa matofali au mbao, na uyapunguze siku zinavyokwenda. Usiweke kabichi na pilipili chini ya taa moja ukitarajia vikue sambamba. Kabichi itafika kwenye tyubu pilipili ikiwa bado inachungulia. Iliyochelewa iwekee kitu chini ili vilele vyote viwe kimo kimoja.

Pembeni mwa rafu simamisha mbao au kadibodi zilizopakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Hurudisha mwanga ambao ungepotelea chumbani, na miche ya ukingoni ndiyo inayofaidika zaidi.

Hatua ya 6: Saa za kuwasha

Washa mara mche wa kwanza unapochomoza. Usisubiri trei ijae. Aliyetangulia atakuwa amesharefuka. Mbegu nyingi, kama nyanya na pilipili, huota gizani bila tatizo, lakini letusi huota vizuri ikipata mwanga, kwa hiyo isifukiwe sana na taa iwashwe tangu siku ya kusia.

Muda wa saa 14 hadi 16 kwa siku unatosha. Tumia taima ya kuchomeka kwenye soketi, maana binadamu husahau. Usiwashe usiku na mchana ukidhani unaharakisha: nyanya ikinyimwa giza kabisa majani yake hupata madoa ya njano na hatimaye hudhoofika. Vitunguu navyo vina tabia yake. Urefu wa mchana ndio unaoviambia vianze kufunga kiini, na aina zinazofunga mapema zikipewa mwanga wa saa 16 zinaweza kuanza kutuna zikiwa bado nyembamba. Vitunguu vipe saa 12 hivi.

Hatua ya 7: Pima, usikisie

Simu nyingi zina kihisi cha mwanga karibu na kamera ya mbele, na programu za kusoma luksi hupatikana bure. Laza simu kwenye kimo cha majani, kioo kikiangalia juu. Usomaji wake si wa maabara, lakini kwa kulinganisha sehemu na sehemu unafaa sana.

Lenga luksi 10,000 hivi. Letusi na jamii ya kabichi zitaridhika na 7,000. Chini ya 5,000, nyanya na pilipili zitaanza kutafuta mwanga. Kwa wanaopenda hesabu za mimea: chini ya tyubu nyeupe ya ofisini, kila luksi 74 ni sawa na takriban mikromoli 1 ya mwanga unaotumika kwa usanisinuru kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, kwa hiyo luksi 10,000 ni mikromoli 135, na kwa saa 16 kila mita ya mraba inakusanya karibu moli 8.

Pima katikati, kisha pima ncha zote mbili. Ukishaiona tofauti kwa namba utakumbuka kuzungusha trei kila baada ya siku chache, iliyokuwa mwisho ije katikati.

Kisha iangalie miche yenyewe. Shina fupi lenye rangi ya kijani au zambarau hafifu na majani yaliyotanda ni dalili njema. Ikirefuka, shusha taa leo, usingoje kesho. Majani yakipauka juu au kujikunja kingo huku mashina ni mafupi, pandisha taa sm chache. Mche ukinyauka shingoni na kudondoka wakati mwanga ni wa kutosha, huo ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaochochewa na unyevu mwingi na hewa iliyotulia; punguza maji, weka feni ndogo ipulize taratibu.

Utunzaji, na tyubu ikivunjika

Tyubu hufifia polepole mno kiasi kwamba huwezi kugundua kwa macho. Ikiwaka saa 16 kila siku mwaka mzima ni saa 5,840, na mtu wa namna hiyo abadilishe kila mwaka. Anayeotesha kwa wiki nane tu kwa mwaka anatumia kama saa 900, kwa hiyo tyubu moja itamfaa misimu kadhaa. Andika tarehe ya kuifunga kwa kalamu ya wino mzito kwenye ncha yake. Ncha zikiwa nyeusi, mwisho wake umekaribia. Vumbi lifutwe ikiwa imezimwa na kupoa.

Ikivunjika, toa watoto na wanyama chumbani, fungua madirisha, na mkae nje kwa dakika 10 hadi 15. Usifagie wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi, kwa sababu vinasambaza zebaki. Vaa glavu, kusanya vipande kwa karatasi ngumu, vumbi lake linase kwa utepe wa gundi kisha pangusa kwa karatasi yenye maji, na vyote viingie kwenye chupa yenye kifuniko. Udongo na miche iliyomwagikiwa vipande, tupa. Tyubu zilizokufa zipelekwe zinakopokelewa taka za umeme, zisichanganywe na taka za jikoni.

Unapofika wakati wa kuhamia LED, soma jambo moja kabla ya lolote: kuna tyubu za LED zinazotumia balasti iliyopo, na kuna zinazotaka balasti iondolewe na waya ziunganishwe upya. Kukosea hapo ni hatari, mwachie fundi. Ya futi nne yenye wati 18 hutoa lumeni 2,000 hivi, na zinaonekana chache, lakini zote zinaelekea upande mmoja, chini kwenye majani, kwa hiyo kwenye kimo cha mche pengo ni dogo. Rangi chagua kwa kelvini zilezile, 4,000 hadi 6,500.

Kuitoa miche nje

Hata rafu yako bora ina takriban sehemu moja ya kumi ya jua la adhuhuri, na majani yaliyokulia humo hayajawahi kuonja upepo. Ukiitoa siku moja na kuipanda, itababuka. Tenga siku 7 hadi 10. Siku ya kwanza kaa nayo kivulini saa moja au mbili, uirudishe ndani. Ongeza muda kila siku, kisha jua la asubuhi, na mwishoni jua la mchana. Usiku wa kwanza wa kulala nje uwe usio na baridi kali wala mvua kubwa, na usizime taa ya rafuni hadi miche ya mwisho imetoka.